Ufuta uliosagwa ukiwa mchungu

*Nimekaanga na kusaga ufuta wa hapa Masasi. Mimi nauona mchungu, dada yangu anausifia. Umeharibika? — Msomaji, Masasi*

Hofu yako ni kwamba umeharibika, lakini uchungu kidogo ni wa asili: ganda la ufuta lina oksaleti, na punje zikikaangwa hadi kuungua uchungu huzidi. Tena watu huzaliwa na vipokezi tofauti vya uchungu kwenye ulimi, hata ndugu wa tumbo moja. Utasema basi kila ladha ni sawa. Hapana, ukinuka mafuta yaliyochacha, umwage. Safari ijayo loweka, fikicha maganda yatoke, kaanga kwa moto mdogo, kisha tia chumvi kidogo, hufifisha uchungu. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, huo ni mzio: wahi hospitali.