Dondoo muhimu: Chakula kitamu, huduma mbovu

Kamba wa kuchoma wamekolea ndimu na pilipili, lakini mhudumu hajaonekana tena tangu awalete mezani. Kwa mteja wa mgahawa wa hadhi jijini Nairobi, wakati wa kusema ni hapo hapo mezani. Amwite msimamizi wa zamu, amweleze kwa upole jambo mahususi: "Tuliagiza saa mbili, sasa ni saa tatu na hata maji hatujaletewa." Malalamiko ya jumla hayarekebishiki.

Mpishi asilaumiwe haraka. Chakula kizuri kilichofika kimepoa mara nyingi kilikaa kaunta kikisubiri wa kukibeba.

Bili isomwe mstari kwa mstari. Nchini Kenya, VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 ni za serikali. Msimamizi hawezi kuzifuta. Ada ya huduma ni jambo jingine kabisa: huwekwa na mgahawa wenyewe, hivyo mteja aliyetelekezwa asione haya kuomba ipunguzwe au iondolewe.

Bahshishi ni hiari. Anayelipa kwa M-Pesa aulize kwanza kama itamfikia aliyemhudumia.