Vitabu Vilivyofungwa Karatasi

Ndugu wasomaji, leo tujifunze habari za mji wa Savannah. Mji huu uko jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Ulianzishwa mwaka 1733. Watu wengi weusi wa huko ni wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani.

Wakati wa utumwa, kusoma kulikuwa kosa. Sheria ya Georgia ya mwaka 1829 ilikataza kumfundisha mtu mweusi kusoma, awe mtumwa au huru. Mweusi aliyefundisha alitozwa faini au alichapwa viboko. Kwa nini? Mabwana waliogopa. Mtu anayejua kusoma hadanganyiki kwa urahisi.

Hata hivyo watu walisoma. Mjane mmoja mweusi aliyekuwa huru, Bibi Woodhouse, alifundisha watoto 25 hadi 30 jikoni kwake. Watoto walifunga vitabu kwa karatasi ili polisi wasivione. Waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja. Majirani walidhani wanajifunza kazi za mikono.

Mtoto mmojawapo ni Susie King Taylor, aliyezaliwa utumwani mwaka 1848. Siku hizo mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea usiku bila cheti. Susie alipojua kuandika, alimwandikia bibi yake vyeti. Kumbe kalamu inafungua njia!

Mwaka 1862, wakati wa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, alitoroka na jamaa zake mpaka kisiwa cha St. Simons. Alikuwa hajatimiza miaka 14. Huko alifundisha watoto mchana, na watu wazima usiku. Baadaye alifundisha askari weusi.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Susie akarudi Savannah, akafungua shule nyumbani kwake. Wakubwa walikuja usiku, kama sisi tunavyokwenda kisomo baada ya kazi za shamba. Mwaka 1902 alitoa kitabu cha maisha yake. Mwaka 2023 baraza la mji lilikipa kiwanja kimoja jina la Taylor. Zamani kiliitwa Calhoun, jina la kiongozi aliyetetea utumwa.

Ndugu, sisi hatufichi vitabu vyetu. Basi tusiviache vikaliwa na mchwa. Leo jioni msomee jirani ukurasa huu.

Maswali
1. Watoto walifunga vitabu kwa karatasi kwa sababu gani?
2. Susie alimsaidiaje bibi yake?
3. Katika kijiji chako, nani bado hajui kusoma? Utamsaidiaje?