Dondoo muhimu: Lugha zako na kazi Tabora

Wewe kijana wa Cheyo unayesaka ajira, lugha unazozijua ni mtaji. Zitumie hivi:

• Soma tangazo mpaka mwisho. Nafasi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal. Tangazo likiruhusu Kiswahili au Kiingereza, chagua unayoiandika bila makosa.

• Jizoeze usaili wa Kiingereza. Jieleze kwa sauti, dakika mbili: elimu, uzoefu, kazi unayoiomba.

• Usifiche Kinyamwezi wala Kisukuma. Afisa ugani au muuza pembejeo anayemwamkia mkulima wa tumbaku wa Urambo “Mwangaluka” asubuhi, husikilizwa mapema. Iandike lugha unayoijua kati ya hizo kwenye wasifu wako.

• Unalenga kazi kwenye reli ya kisasa (SGR)? Wakandarasi wametoka Uturuki na China. Jifunze kwanza maneno ya vifaa na usalama kwa Kiingereza, kisha ya lugha ya msimamizi wako.

• Umesoma Burundi au Kongo? Vyeti vyako vithibitishwe kwanza na NECTA (vya shule), TCU (vya chuo kikuu) au NACTVET (vya vyuo vya kati na ufundi) kabla ya kuomba. Kifaransa chako kitaje. Kitafaa kwa sababu mizigo ya Kigoma huvuka Ziwa Tanganyika kwenda nchi hizo.

• Taja kiwango cha kweli. Ukiandika “fasaha”, utapimwa hapohapo.