Asemaye Redioni ni Kiziwi

Sisi tunaosoma hapa Buterere tumezoea ndege. Uwanja wa ndege wa Bujumbura u jirani yetu, na ndege ikishuka hata mwalimu hunyamaza kidogo. Lakini kuna sauti tusizozisikia: za rubani na mwongozaji aliye mnarani, wakisemezana kwa redio. Leo nataka kueleza jinsi watu wanavyosemezana kwa redio bila kugongana maneno. Mimi nilijifunza jambo hili kwa aibu.

Katika simu, wewe na mwenzio mwaweza kusema pamoja. Redio ya mkononi, ambayo wengi kwetu huiita motorola hata ikiwa ya kampuni nyingine, ina njia moja tu. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni, chombo huacha kupokea na kuanza kurusha mawimbi. Ukikiachilia, hupokea tena. Basi asemaye ni kiziwi. Ndiyo sababu akimaliza humpa mwenzake zamu kwa neno, kama vile "Nimekwisha, jibu."

Tena, redio isiyopokea mtu huvuma kama mvua juu ya bati. Ili tusichoke, mafundi waliweka kifaa kiitwacho skwelchi, ambacho hufunga spika mpaka yafike mawimbi yenye nguvu ya kutosha. Lakini ukikikaza mno, mtu wa mbali atakuita usimsikie.

Huenda pia vikundi viwili vikatumia masafa mamoja. Hapo kila kundi huongeza mlio wake mzito, tuseme wa mitetemo 100 kwa sekunde. Redio yako haifungui spika ila ikiupata mlio wa kundi lako, kisha huuchuja usifike masikioni. Watu hudhani hiyo ni siri. Sivyo! Mwenye redio isiyowekewa mlio husikia yote. Isitoshe, ukimya wa redio yako si dalili kwamba njia i wazi. Labda kundi jingine linasema nawe hujui. Kwa hiyo redio nyingi zina namna ya kufungua spika ili usikilize kwanza.

Sasa nieleze aibu yangu. Mwaka jana tulikuwa na mashindano ya mbio ndefu, nasi tuliazimwa redio tatu. Mimi nilisimama mahali pa kumalizia. Jua lilikuwa kali. Niliitia redio mfukoni nikaenda kunywa maji, wala sikujua kwamba kitufe kilikuwa kimebanwa na daftari langu. Njiani mwenzetu mmoja alianguka kwa joto. Aliyekuwa karibu naye aliita, akaita tena, lakini mawimbi yangu yalimfunika, kwa kuwa nilikuwa karibu zaidi na redio ya mwuguzi. Mwuguzi alisikia mkwaruzo wa kitambaa tu. Mwishowe ilibidi mvulana mmoja aje mbio kwa miguu kumwita. Mgonjwa alipona, namshukuru Mungu, ila mimi sikula chakula cha jioni. Baadaye mwalimu wetu wa fizikia alinionyesha kwamba redio zile zina saa ya kukata mawimbi kitufe kikibanwa mno, kwa mfano baada ya dakika moja. Hakuna aliyekuwa ameiwasha.

Msidhani haya ni mambo ya wanafunzi tu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zilikuwa katika njia moja ya kurukia, ndani ya ukungu. Rubani wa KLM alianza kwenda bila ruhusa ya kuruka. Mwongozaji akamwambia angoje. Wakati ule ule Pan Am wakasema kwamba wao wangali njiani. Sauti mbili zikakutana, na katika chumba cha rubani wa KLM ukasikika mlio mkali juu ya maneno yale. Ndege zikagongana, wakafa watu 583. Kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini kama maneno yale yangalifika moja moja, huenda yangaliwaokoa. Baada ya hapo sheria za maneno ya redioni zilikazwa: neno la kuruka lisitamkwe ila ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na rubani arudie agizo alilopewa.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na sauti mbili hazikai njia moja. Basi, ukishika redio, sikiliza kwanza; bonyeza, ngoja kidogo, useme kwa ufupi; kisha achilia kitufe, ukitazame kama kimeachilia kweli. Nanyi kaka zetu mliotutangulia, mnaotumia redio kazini, tuandikieni mtuongezee maarifa.