Upanuzi wa Maana katika Msamiati wa Fedha za Simu: Mtazamo kutoka Dirma, Mbulu na Hanang'

1.0 Utangulizi

Huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa simu ya mkononi haikuzaliwa Afrika Mashariki. Nchini Ufilipino kampuni za simu zilianzisha huduma za namna hiyo mwaka 2001 na 2004. Hata hivyo, ni baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008, ndipo huduma hiyo ilipoenea hadi vijijini na kuwa mfano kwa nchi nyingine. Makala hii inakusudia kuchunguza namna Kiswahili kilivyoupokea mfumo huo. Hoja yake ya msingi ni kwamba lugha haikuhitaji kubuni istilahi nyingi mpya, bali ilipanua maana za maneno yaliyokuwapo. Upanuzi huo uliirahisishia huduma kueleweka. Hali kadhalika, uliacha utata ambao unaweza kumgharimu mtumiaji, hasa yule ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza.

2.0 Mazingira ya Lugha

Dirma ni kata ya Wilaya ya Hanang', wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu mwaka 1985. Tangu mwaka 2002 Mbulu na Hanang' zimo katika Mkoa wa Manyara, uliotokana na Mkoa wa Arusha. Eneo hili ni makutano ya lugha zisizo na nasaba moja: Kiiraqw ambacho ni cha Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, lugha za Kibantu za majirani wa Singida, na Kihadza, lugha yenye vidoko inayozungumzwa katika bonde la Yaeda. Kiswahili ndicho kiungo cha jamii hizo shuleni, ofisini na mnadani. Menyu za huduma za fedha nazo huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo mfugaji anayelipwa kwa simu baada ya kuuza ng'ombe huipokea mali yake kwa lugha ya pili.

3.0 Tabaka za Msamiati

Majina ya fedha katika Kiswahili yanabeba historia ya biashara na utawala. Neno *fedha* lina asili ya Kiarabu na maana yake ya kwanza ni madini. *Pesa* lilitoka Bara Hindi. *Hela* ni kumbukumbu ya sarafu ndogo ya Wajerumani, ambayo mwaka 1904 iliamuliwa kuwa sehemu moja ya mia ya rupia. Sarafu hiyo ilitoweka, neno likabaki na kupata maana ya fedha kwa jumla.

Utaratibu huohuo unaonekana katika msamiati wa simu. *Wakala*, aliyekuwa mtu mwenye madaraka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, sasa ni pia mahali: mtu huelekezwa "palipo na wakala" kama anavyoelekezwa palipo na duka. *Muamala*, neno la sheria na biashara, limeingia katika mazungumzo ya kila siku. *Makato*, kutokana na kitenzi *kata*, hutaja gharama za huduma, ilhali *tozo* lilivuma zaidi Julai 2021 Serikali ya Tanzania ilipoanza kutoza miamala ya simu, kabla ya kiwango kupunguzwa Septemba mwaka huohuo. Maneno yaliyokopwa Kiingereza, kama vile *laini*, *floti* na *vocha*, yanahusu zaidi vifaa na mtaji wa wakala kuliko tendo lenyewe la kulipa.

4.0 Utata wa Kitenzi *Toa*

Mfano ulio wazi zaidi wa utata ni kitenzi *toa*. Linganisha sentensi hizi:

(1) a. Mzazi ametoa pesa ya ada.
      b. Mzazi ametoa pesa kwa wakala.

Katika (1a) pesa imemwondoka mzazi. Katika (1b), kwa maana ya huduma ya simu, noti zimemfikia mkononi. Kinachobadilika si kitenzi bali chanzo cha mwendo. Katika (1a) chanzo ni mtu mwenyewe. Katika (1b) ni akaunti, inayochukuliwa kuwa chombo ambamo pesa *huwekwa*, *huingia* na *hutolewa*. Matumizi hayo yalikuwapo benki, lakini simu ndiyo iliyoyafikisha kwa watu ambao hawakuwa na akaunti. Kwa mtu aliyezoea *kutoa* mchango au sadaka, kuambiwa na mgeni kwamba "atoe" ili apate fedha zake ni agizo lenye maana mbili, na mojawapo inaweza kumpotezea mali.

Aidha, muundo *lipa namba* unastahili kuangaliwa. Kiswahili kina majina ya kitenzi na nomino, mathalani *chemsha bongo* na *vunja jungu*, ambamo nomino ni yambwa ya kitenzi. Katika *lipa namba*, namba hailipwi. Ni njia ya kumfikia anayelipwa. *Namba ya kulipia* ingeonyesha uhusiano huo bila utata.

5.0 Kionyeshi *Ile* na Utapeli

Ujumbe mfupi wa matapeli uliozoeleka Tanzania humwambia mpokeaji kwamba ile hela aitume kwenye namba nyingine. Nguvu ya ujumbe huo ni ya kisarufi. Kionyeshi *ile* hurejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari. Kiambishi cha yambwa *-i-* katika *itume* hukazia dhana hiyo. Mtumaji hataji jina lake wala deni lenyewe. Msikilizaji ndiye anayejaza pengo kwa ahadi aliyo nayo moyoni. Siku ya mnada, mnunuzi anayedaiwa malipo ya mfugo huwa na "ile hela" hasa.

Muuzaji naye hukabiliwa na tatizo la aina nyingine. *Umepokea* ni neno la taarifa, na taarifa inaweza kughushiwa. *Salio* ndilo linaloonyesha fedha zilizomo. Asiyetofautisha *ujumbe* na *salio* anaweza kukabidhi ng'ombe kwa malipo ambayo hayapo.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili kiliupokea mfumo mpya kwa mali yake chenyewe. Hata hivyo, wepesi wa neno kwa mzawa wa lugha usichukuliwe kuwa wepesi kwa kila mtumiaji. Vyombo vya istilahi, hususan BAKITA na TATAKI, pamoja na walimu wa elimu ya watu wazima, vinaweza kuchangia kwa kupendekeza miundo bayana kama *kuchukua taslimu* mahali pa *kutoa*, na kwa kufundisha tofauti ya *ujumbe* na *salio*. Katika maeneo kama Dirma, kazi hiyo ya istilahi ni sehemu ya ulinzi wa mali ya mtumiaji.