Kalamu ya Kompyuta na Ganzi ya Vidole



Wanaokuja kwetu kulalamikia ganzi ya vidole si wakulima wa jembe la mkono peke yao. Wamo pia makatibu wa parokia, walimu, na vijana wanaotengeneza kadi za harusi kwa kompyuta, ambao hushika kipanya kutwa nzima. Baadhi yao hushauriwa wanunue kibao cha kuchorea chenye kalamu, nao hutuuliza kama kweli kinasaidia. Kinaweza kusaidia. Lakini kikitegeshwa vibaya, maumivu huhama tu kutoka kwenye kifundo cha mkono na kuingia kwenye kidole gumba au bega.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba kati ya mifupa na utando mgumu. Humo hupita kano tisa za kukunjia vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Ukikaa umekunja kifundo kwa muda mrefu, mshipa huo hubanwa. Mgonjwa husikia ganzi na kuchomwachomwa katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho husalimika. Hali huzidi usiku, naye huamka akikung'uta mkono. Wajawazito, wenye kisukari na wenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo hupatwa zaidi, kwa hiyo tusiilaumu kompyuta kabla ya kupima sukari.

Sasa kibao. Ni bapa kama daftari, na huunganishwa na kompyuta. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, inajulikana sana kwa kazi hii, na mwaka 2009 ilitoa aina ya Bamboo Pen & Touch inayopokea kalamu na vidole pia. Kalamu yake haina betri. Kibao hutoa usumaku hafifu, na waya uliozungushwa ndani ya kalamu huupokea na kuujibu. Ndiyo maana kishale husogea kwenye kioo hata kalamu ikiwa juu kidogo ya kibao bila kukigusa. Basi hakuna haja ya kukandamiza kama mtu anayeandika risiti yenye nakala tatu!

Kabla ya kutumia, ingiza programu ya kibao hicho kutoka kwa watengenezaji wake. Kama kompyuta ilikuwa na programu ya kibao kingine, iondoe kwanza, maana mara nyingi hugombana. Kisha fungua sehemu ya mipangilio. Anayetumia mkono wa kushoto achague hivyo na kukigeuza kibao, asijilazimishe kulia. Chagua pia uwiano wa kibao ufanane na wa kioo, la sivyo duara litatoka kama yai.

Mpangilio ambao watu huuruka ndio tunaouona wa maana kuliko yote: ule wa ncha ya kalamu, laini au ngumu. Ukiwa mgumu, mstari hautokei vizuri mpaka ubonyeze kwa nguvu, na nguvu hiyo yote hutoka kwenye kidole gumba. Uweke upande wa laini, ujaribu mistari michache, uongeze ugumu kidogo kidogo ikiwa mistari inatokea bila kutaka. Ncha ikichakaa hukwaruza, na mtu huanza kukandamiza bila kujua, ibadilishe mapema. Kalamu ikiwa nyembamba mno, izungushie sponji ili vidole visiibane.

Upande wa vidole una faida yake. Mkono mmoja ukishika kalamu, vidole viwili vya mkono wa pili vinaweza kupandisha na kushusha ukurasa, na hivyo kazi ikagawanywa. Lakini wapo wanaoinua mkono hewani wakiogopa kiganja kisiguse kibao, na jioni shingo na bega huwauma. Kiganja kikikuvurugia kazi, zima sehemu ya vidole wakati wa kuchora, ulaze mkono utulie. Kibao kikae mezani mbele yako, kiwiko karibu na ubavu, kifundo kimenyooka. Kila nusu saa weka kalamu chini, unyooshe vidole.

Ukitaka kujua kama kidole gumba kimeanza kuumia, kikunje ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali chini ya gumba yanaonyesha kano zake zimevimba. Akina mama wanaonyanyua watoto wachanga hupatwa na hali hiyo hiyo bila hata kuigusa kompyuta.

Kwa ganzi ya usiku, kulala na banzi linalonyoosha kifundo kwa wiki kadhaa huwasaidia wengi. Msichanje chale, haziufikii mshipa uliobanwa, na zinaweza kuleta vidonda na maambukizo. Mtu akianza kuangusha vikombe, au nyama iliyo chini ya kidole gumba ikinywea, aje hospitali bila kungoja, kwa sababu mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usirudie nguvu zake zote hata baada ya upasuaji. Kwa wajawazito, ganzi hii mara nyingi hupungua yenyewe baada ya kujifungua.