Unaanza Wing Chun? Shika Haya

Wing Chun ni kung fu ya kusini mwa China, na jina lake limefungamana na mji wa Foshan, Guangdong. Ip Man (1893–1972) ndiye aliyeifundisha Hong Kong, na Bruce Lee alipitia mikononi mwake akiwa kijana. Masimulizi ya jadi yanasema mtindo huu ulianzishwa na mwanamke, mtawa Ng Mui. Kweli au hekaya, unamfaa sana mtu mwenye umbo dogo.

1. Linda mstari wa kati. Unashuka kutoka puani, kooni, hadi kinenani. Ngumi zako zipite humo, na mikono yako imzibie mwenzako njia hiyohiyo.

2. Usiharakishe Siu Nim Tau. Ndiyo kata ya kwanza, yaani mfululizo wa mienendo, na huifanyi kwa kutembea: unasimama papo hapo, magoti yamekunjwa kidogo, vidole vya miguu vikielekea ndani. Humo utakutana na tan sau, kiganja kikitazama juu, na bong sau, kiwiko kikiinuka huku kiganja kikishuka. Ukienda mbio, mabega hukakamaa na hutagundua.

3. Kiwiko kikae chini. Ngumi hutoka kifuani ikiwa wima. Moja ikirudi, nyingine tayari iko njiani.

4. Mateke yabaki chini: goti, muundi, paja.

5. Chi sau usiikose hata wiki moja. Wawili mnagusanisha mikono na kuizungusha bila kuachana. Akisukuma, unageuza nguvu yake ipite pembeni. Akiondoa mkono, wako unaingia hapohapo, kabla jicho halijaona. Kwangu hiki ndicho kiini cha Wing Chun. Badilisha wenzako: mrefu, mfupi, mzito, mwenye papara. Anayekaza misuli ili ashinde hajifunzi kitu, na anamnyima mwenzake somo. Ila chi sau si pigano. Vaeni glavu pia, mkabiliane na ngumi zinazotoka mbali.

6. Mtu wa mbao, mwenye mikono mitatu na mguu mmoja, hutumika kurekebisha pembe na umbali. Mguse kwa usahihi, usimtwange.

7. Fimbo ndefu na visu pacha huachiwa mwisho. Mwalimu akikupa visu mwezi wa kwanza, tafuta mwingine.